Sekunde 11 za Kimya

"Kuna yeyote mwenye wasiwasi na tarehe hii?"

Sauti ni yangu. Rekodi ya kikao kile bado ninayo, na kwa wiki nyingi sasa nimeirudia usiku, mchana, hata nikiwa njiani. Baada ya swali hilo hakuna anayesema neno. Upande wa Rotterdam, Uholanzi, mtu anaandika, vibonye vya kompyuta vinasikika. Upande wa Chennai, India, nyuso saba zinatazama kamera. Kiongozi wao, mhandisi aliyenizidi umri kwa miaka kama 20, anainamisha kichwa taratibu. Nimehesabu: sekunde 11. Kisha nasikika nikisema, "Vizuri, basi tumekubaliana," na tunaingia ajenda inayofuata.

Hatukuwa tumekubaliana.

Mfumo wa kufuatilia makontena ambao tulikuwa tumkabidhi mteja tarehe ile ulichelewa kwa wiki saba. Nilimpigia simu kiongozi wa Chennai nikiwa na hasira niliyodhani nimeificha. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Kisha akasema kwa upole: "Tulikwambia. Tulikwambia mara mbili."

Nilikata simu nikiamini kwamba ananidanganya. Jioni hiyo hiyo nikaifungua rekodi.

## Dakika ya 14

Alikuwa ameniambia kweli.

Dakika ya 14 anasema: "Tarehe hiyo itahitaji juhudi kubwa sana." Mimi nikamjibu kwamba namshukuru, najua timu yake hujituma. Dakika chache baadaye akauliza kama mteja ameshaiona ratiba. Nikasema ndiyo, ameiona na ameipenda. Akatulia kidogo, akasema, "Sawa. Tutajaribu."

Leo nikiyasikiliza maneno hayo nashangaa yalinipitaje. "Itahitaji juhudi kubwa sana" ilikuwa na maana ya haiwezekani. Swali la ratiba lilikuwa njia yake ya kunipima: je, bado kuna nafasi ya kuisogeza tarehe? Nilipomjibu kwamba mteja ameshaiona, nikawa nimefunga mlango, naye kwa adabu akaacha kubisha. Ile "tutajaribu" ilikuwa kwaheri.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba mimi ni mtu wa Kiswahili. Sisi tuna neno "sawa". Mtu akiambiwa jambo na mkubwa wake akajibu "sawa", huenda amekubali. Huenda amesikia tu. Huenda amekataa kabisa ila hataki mabishano, au anangoja mambo yenyewe yaje yaseme. Tunazitofautisha sawa hizo kwa mvuto wa sauti, kwa pumzi iliyotangulia, kwa mahali macho yalipokwenda, na hakuna mwalimu aliyetufundisha. Tangu utotoni nimesikia kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Sasa ilikuwaje sikio hilo nililokuzwa nalo likazibika?

Nadhani nililibadilisha mwenyewe, polepole, bila kujua. Miaka ya kuendesha vikao kwa Kiingereza, mbele ya wakubwa wanaotaka majibu mafupi, ilinizoesha kuamini kwamba kisichosemwa hakipo.

Mwanaanthropolojia wa Marekani, Edward T. Hall, ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa akiwaandaa wanadiplomasia wa nchi yake kabla ya kwenda ugenini, aliliwekea jambo hili majina. Aliona kuna mawasiliano ya muktadha mzito, ambamo sehemu kubwa ya ujumbe imo katika uhusiano wa watu, cheo, wakati na mahali, na maneno ni kipande tu. Kuna na ya muktadha mwepesi, ambamo kila kitu lazima kitamkwe ili kihesabiwe. Yote mawili ni njia za kusema kweli. Mwenye sikio la aina moja ndiye humwona mwenzake ama mjanja ama mkorofi.

## Nikakimbilia kwenye namba

Wakubwa walitaka maelezo ya kuchelewa. Nikafanya wanachofanya mameneja wengi: nikatafuta jedwali.

Jedwali lenyewe ni la Geert Hofstede, Mholanzi, aliyechambua madodoso zaidi ya 116,000 ya wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, yaliyokusanywa kati ya mwaka 1967 na 1973 katika nchi nyingi duniani. Kipimo chake kimoja anakiita umbali wa mamlaka, yaani kiasi ambacho watu wasio na madaraka wanakubali kwamba madaraka yasigawanywe sawa. Austria ina alama 11. Malaysia ina 104. Uholanzi ina 38, na India ina 77.

38 na 77. Nilipoziona namba hizo nilihisi nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyokuja kunitia shaka baadaye.

Niliandaa wasilisho. Nikaeleza kwamba timu ya Chennai inatoka katika utamaduni wa kutompinga mkubwa, kwamba hili linajulikana na lina utafiti nyuma yake, na kwamba siku zijazo tutalizingatia. Wakubwa waliridhika. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja kunihusu mimi.

Usiku ule nikalirudia jedwali, safari hii nikitafuta watu wa lugha yangu. Kenya haimo peke yake. Tanzania haimo peke yake. Kuna safu moja iliyoandikwa Afrika Mashariki, alama 64, na ndani yake wamewekwa pamoja wafanyakazi kutoka Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia, kwa kuwa waliojaza dodoso katika kila nchi walikuwa wachache. Mtu wa Addis Ababa na mtu wa Lusaka, kapu moja, namba moja.

Nilikaa na hilo muda mrefu. Kama kapu la watu wangu lilifumwa hivi, basi kapu la India, nchi ya watu zaidi ya bilioni moja, lilifumwaje? Tena ni wafanyakazi wa kampuni moja, wa zaidi ya nusu karne iliyopita. Mtafiti Brendan McSweeney aliuliza maswali ya namna hiyo mwaka 2002, kwa ukali kuliko mimi. Hofstede mwenyewe alionya kwamba alama zake hulinganisha jamii na jamii, na hazimwelezi mtu mmoja. Mimi nilikuwa nimezitumia kumweleza mtu mmoja, mtu ambaye nimefanya naye kazi miaka miwili na najua anavyocheka.

Baadaye kulikuja utafiti mwingine mkubwa, GLOBE, ulioongozwa na Robert House, ukawauliza mameneja wapatao 17,000 katika jamii 62. Wao walifanya jambo ambalo natamani ningelijua kabla ya wasilisho langu: waliuliza mambo yakoje, kisha wakauliza yangepaswa kuwaje. Kuhusu umbali wa mamlaka, majibu ya swali la pili yalikuwa chini mno kuliko ya swali la kwanza, katika jamii zenye alama kubwa na zenye alama ndogo. Maana yake, wanaoishi chini ya mkubwa asiyepingika wanaijua hali hiyo vizuri, na wengi wao hawaipendi.

Nami nilikuwa nimewaambia wakubwa kwamba ndivyo watu wa Chennai walivyo.

## "Basi hukuuliza"

Nina bosi wangu wa zamani, amestaafu sasa. Namwita mama, na yeye huniita mwanangu, ingawa hatuna undugu. Nilimpigia nikamsimulia kila kitu: rekodi, sekunde 11, muktadha mzito, 38 na 77. Nilizungumza kwa muda mrefu. Alipohakikisha nimemaliza, aliniuliza swali moja.

"Mwanangu, ulipowauliza kuhusu tarehe, tarehe yenyewe ilikuwa bado inaweza kusogea?"

"Hapana, mama. Mkataba ulikuwa umeshasainiwa."

"Basi hukuuliza. Ulitangaza kwa sauti ya kuuliza."

Sikuwa na la kusema.

Baada ya simu ile niliifungua rekodi tena, na kwa mara ya kwanza nikatazama upande wa pili wa skrini. Rotterdam. Watu wa alama 38, watu wanaojulikana kwa kusema moja kwa moja, watu ambao wiki iliyotangulia walikuwa wamebishana nami kwa nusu saa kuhusu rangi ya kitufe. Katika zile sekunde 11 nao walikuwa kimya. Wote. Wiki zote hizo nilikuwa nimekisikia kimya cha Chennai peke yake.

Nilimwandikia dada mmoja wa Rotterdam ambaye kazi yake ni kuujaribu mfumo kabla haujatoka. Je, yeye alijua kwamba tarehe haifikiki? Alijibu baada ya dakika mbili. Ndiyo, alijua. Kwa nini hakusema? "Ulikuwa umeshaamua. Ningesema ili iweje?"

Hapo wasilisho langu lote likaporomoka. Watu wa tamaduni mbili, walio mbali kabisa katika jedwali, walilijibu swali la uongo kwa namna moja: kwa kunyamaza. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja wao, yule mzee wa Chennai, alikuwa amejaribu mara mbili kunifikishia ukweli kwa njia aliyoiona ya heshima kabla ya kukata tamaa. Nami nilikuwa nimemwandika yeye kama tatizo.

## Kila kitu kinapoitwa utamaduni

Tangu hapo kila nikisoma kisa cha biashara ya kimataifa iliyovunjika kwa sababu ya utamaduni, natafuta lile swali la mama.

Mwaka 1998 Daimler-Benz ya Ujerumani na Chrysler ya Marekani ziliungana, na muungano ukatangazwa kuwa wa walio sawa. Mwaka 2007 asilimia 80.1 ya Chrysler iliuzwa na ndoa ikaisha. Kisa hiki hufundishwa kama mgongano wa Wajerumani wa taratibu na Wamarekani wa papo kwa papo. Tofauti hizo zilikuwepo, sizikatai. Lakini mwaka 2000 mkuu wa kampuni iliyotokana na muungano huo, Jürgen Schrempp, aliliambia gazeti la Financial Times kwamba muundo uliokuwepo wakati huo, wa Chrysler kuwa kitengo, ndio alioutaka siku zote. Mfanyakazi wa Chrysler aliyesoma maneno hayo asubuhi hakuhitaji somo la utamaduni wa Kijerumani. Alikuwa ameambiwa "tuko sawa" na watu waliokwisha kuamua kwamba hawako sawa.

Kisa cha pili ni kizito, na nakiandika kwa uangalifu. Tarehe 6 Agosti 1997 ndege ya Korean Air ilianguka kwenye kilima huko Guam ikijiandaa kutua usiku wa mvua. Watu 228 walikufa kati ya 254 waliokuwemo. Nimehudhuria semina mbili za uongozi ambamo kisa hiki kilisimuliwa kwa sentensi moja: rubani msaidizi Mkorea hakuthubutu kumpinga kapteni wake. Ripoti ya wachunguzi wa Marekani inasema kweli kwamba rubani msaidizi na mhandisi wa ndege hawakumfuatilia kapteni wala kuhakiki alichokuwa akifanya. Lakini inataja pia uchovu wa kapteni. Inataja mafunzo hafifu ya kampuni. Inataja kwamba mtambo wa ardhini ambao ungewatahadharisha waongoza ndege kuwa ndege iko chini mno ulikuwa umezimwa makusudi, kwa uamuzi wa mamlaka ya anga ya Marekani yenyewe.

Katika semina zile mbili hakuna aliyeutaja mtambo huo. Neno utamaduni lilikuwa limeshamaliza mazungumzo, na kila kilichohitaji kurekebishwa kikawa kiko katika nafsi za Wakorea.

## Kamba ya Fremont

Kisa kilichonitoa kwenye unyonge ni cha kiwanda.

General Motors ilikuwa na kiwanda cha magari Fremont, California. Kilisifika kwa mabaya: utoro, migomo ya ghafla, magari mabovu. Kikafungwa mwaka 1982. Miaka miwili baadaye kikafunguliwa kwa ubia na Toyota, kikapewa jina la NUMMI. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, chini ya chama kile kile cha wafanyakazi. Katika jedwali la Hofstede Marekani ina alama 91 katika kipimo cha mtu kujisimamia mwenyewe kuliko kundi, juu ya nchi zote. Ungetegemea mfumo wa Kijapani wa kazi za vikundi ugonge mwamba.

Haukugonga. Utoro ulishuka sana, na ubora wa magari ukakaribia ule wa viwanda vya Toyota vya Japani.

Siri moja ilikuwa kamba. Ilipita juu ya mstari wa kuunganishia magari, na mfanyakazi yeyote akiona kasoro aliruhusiwa kuivuta. Zamani kusimamisha mstari lilikuwa kosa la kumfukuzisha mtu. Sasa kiongozi wa timu alikuja, akauliza kuna nini, akasaidia. Kasoro isipokwisha kwa wakati, mstari ulisimama. Nimefikiri sana kuhusu muda ule mfupi baada ya kamba kuvutwa. Kamba yenyewe haina maajabu. Mfanyakazi anamtazama usoni yule anayekuja, na kutokana na uso huo anajua kama ataivuta tena kesho.

Na kuna upande wa pili wa kisa. General Motors ilipojaribu kuhamishia mafunzo hayo kwenye kiwanda chake cha Van Nuys, katika jimbo hilo hilo la California, hayakushika. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1992. Nchi moja, kampuni moja, lugha moja, hata kamba iliyofanana. NUMMI yenyewe ilidumu hadi 2010.

Kwa hiyo sasa naamini hivi. Utamaduni unagusa sana namna ukweli unavyosafiri: kwa maneno au kwa kimya, hadharani au pembeni, kutoka kwa kijana au kupitia mzee wake. Meneja asiyejifunza njia hizo atabaki kiziwi kama mimi. Lakini kama hakuna anayeungoja ukweli huko mwisho wa safari, hakuna utamaduni utakaouleta.

## Nilichobadilisha, na anayelalamika

Kwanza, siulizi tena kuhusu tarehe iliyokwisha kuahidiwa. Naziendea timu kabla ya mteja, hata kama idara ya mauzo inanuna.

Pili, sitegemei tena kikao kuwa mahali pa kwanza pa kusikia habari mbaya. Natumia zoezi ambalo mwanasaikolojia Gary Klein alilieleza mwaka 2007: kila mtu anaandika peke yake akichukulia kwamba siku imefika na mradi umeshindwa, kisha anaeleza kilichouangusha. Uzuri wake ni kwamba kushindwa kumeshatolewa kama jambo lililopo. Hakuna anayelazimika kumpinga mkubwa ili aliseme. Mara ya kwanza msichana mdogo kuliko wote wa Chennai, ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake, aliniandikia kurasa mbili. Kila alichoandika kilikuwa kweli.

Tatu, kabla ya kikao kikubwa nampigia mzee wa Chennai simu, sisi wawili tu. Wajapani wana neno kwa maandalizi ya namna hii, nemawashi, lililotoka bustanini: kuchimba taratibu kuzunguka mizizi kabla ya kuuhamisha mti.

Nilidhani nimepata dawa. Kisha yule dada wa Rotterdam akaniomba tuzungumze.

Alikuwa na uchungu. Kwake yeye, heshima ni kubishana mezani, mbele ya wote, kisha mambo yaishe pale pale. Akiona kikao kimefunguliwa na baadhi ya watu wameshazungumza, anajihisi amefichwa. "Mnaamua pembeni," alisema, "halafu mnatuita tuje kuitikia kwa vichwa."

Ana haki. Yule mzee naye ana haki. Jambo lile lile ambalo kwa mmoja ni stara, kwa mwingine ni njama, na mimi ndiye ninayelifanya. Kwa sasa naandika yote ninayoambiwa pembeni katika waraka ambao kila mtu anaweza kuusoma, bila majina. Dada wa Rotterdam ametulia kidogo. Mzee wa Chennai hajasema kitu, lakini simu zetu zimekuwa fupi, na safari hii nimekisikia kimya chake.

## Alhamisi

Alhamisi iliyopita tulikuwa na kikao cha mradi mpya. Tulipofika sehemu ya malipo, mzee akasema, kwa sauti ile ile ya kwenye rekodi: "Hii itahitaji juhudi kubwa."

Niliweka kalamu chini.

"Kubwa kiasi gani?" nikauliza. "Mteja bado hajapewa tarehe."

Hakujibu. Rotterdam nao kimya. Moyo ulinienda mbio. Nilitamani kusema chochote, kuwasaidia, kulijaza pengo lile. Nikajizuia. Nikawa nahesabu kimoyomoyo. Tano. Sita. Saba.

Sekunde ya tisa ndipo sauti ilipotoka, na haikuwa ya mzee. Ilikuwa ya yule msichana wa kurasa mbili. "Wiki tano zaidi," alisema. "Kwa uchache."

Mzee aligeuka akamtazama. Kamera yao ni ya bei ya chini na taa ilikuwa nyuma yao, kwa hiyo sikuweza kuusoma uso wake. Huenda alikuwa akijivunia mwanafunzi wake. Huenda nilikuwa nimemvunjia heshima mbele ya watu wake. Dada wa Rotterdam alishaanza kuandika wiki tano kwenye ratiba.

Sijampigia bado. Kila siku naandaa namna ya kumuuliza, na kila siku nasikia kwamba swali langu lina jibu ndani yake.